Reggae, elektroniki au indie: albamu ipi kwa spika ipi, kutoka Tukuyu hadi Iringa

Albamu iliyokuliwaza ukiwa na hedifoni chumbani kwako Soweto, Mbeya, inaweza kukukwaza ndani ya basi kabla hujafika Chimala. Si kwamba msanii kakosea. Kila muziki huchanganywa studio ukiwa umetabiriwa pa kusikilizwa, na hapo palipotabiriwa mara nyingi hapafanani na kibanda cha mabati cha Tukuyu wala siti ya nyuma ya basi la Iringa. Wahakiki wengi wa albamu mpya hawaligusi hilo. Wanasema mashairi mazito, prodyuza hodari, nyota nne. Msomaji anachoma bando, anapakua, anatia kwenye flashi, kisha anabaki akijiuliza besi imeenda wapi.

Kwa hiyo hapa tunazilinganisha aina tatu kwa swali moja tu: utasikilizia wapi na kwa chombo gani? Albamu tulizozitumia ni za kuanzia 2022 hadi 2024.

Kelele mbili za Nyanda za Juu

Kwanza injini. Basi la masafa marefu mara nyingi hubeba injini ya dizeli ya silinda 6. Ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 30 kwa sekunde, na kila mzunguko huwasha silinda 3. Unapata milipuko 90 kwa sekunde, yaani muungurumo wa hezi 90. Hapo ndipo gitaa la besi linapofanyia kazi: uzi wake mnene kabisa unaanzia hezi 41, na mistari mingi ya besi ya reggae inazunguka kati ya hapo na hezi 150 hivi. Sikio likipewa sauti mbili za kimo kimoja, kubwa huifunika ndogo. Ukipandisha sauti ya simu, besi inabaki imefunikwa, kinachopanda ni haihati, yale matoazi mawili ya mguu, na mwimbaji ambao tayari walikuwa wanasikika. Ndiyo maana mtu anashuka Mafinga masikio yanamlia.

Pili mvua. Ya Rungwe inafahamika, haina haraka ya kukatika. Ikipiga mabati yasiyo na dari, inatoa kelele ya juu, kama mafuta yanayokaanga, inayofunika matoazi, herufi za mwisho za maneno ya mwimbaji, na kila kitu chembamba. Besi inapita chini yake bila shida.

Kwa hiyo njiani sauti za chini zinakufa, na chini ya mabati za juu ndizo zinazokufa. Shika hayo mawili, mengine yote tutakayosema yanatokea humo.

Reggae: besi ndiyo yenye wimbo

Kwenye muziki mwingine besi hufuata gitaa. Kwenye reggae besi ndiyo inayoimba, na gitaa la ridhimu linakata vipande vifupi katikati ya mapigo. Ukiweza kuupiga mluzi mstari wa besi baada ya kusikiliza mara moja, hiyo ni reggae iliyotungwa. Ukishindwa kwenye nyimbo tatu mfululizo, mara nyingi ni mdundo wa kompyuta uliovalishwa kofia ya rangi tatu.

Jambo la kiufundi linaloiokoa reggae kwenye spika mbovu ni hili. Gitaa la besi halitoi sauti moja. Ukipiga hezi 50, linatoa pia 100, 150, 200 na kuendelea. Spika ndogo ya Bluetooth haiwezi hata kidogo hiyo 50, lakini inaweza 150 na 200, na ubongo wako ukizisikia hizo unaijaza 50 wenyewe. Hivyo reggae iliyopigwa kwa gitaa halisi la besi huendelea kueleweka hata kwenye spika ya kijiwe cha bodaboda ambayo utando wake umeshachanika.

Koffee, mwimbaji wa Jamaika, alitoa *Gifted* Machi 2022. Nyimbo 10, chini ya nusu saa. Ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza kutwaa peke yake tuzo ya Grammy ya albamu bora ya reggae, mwaka 2020, na hapa anakwenda kwa wepesi: nyimbo fupi, besi safi, nafasi nyingi kati ya chombo na chombo. Nafasi hiyo ndiyo inayoifaa bajaji na redio ndogo. Kasoro yake ni kwamba kwenye sabufa kubwa inaonekana imevaa nguo za mdogo wake. Nyimbo zinaisha kabla watu hawajanyanyuka vitini.

Ukitaka uzito, mpinzani wake ni *The Kalling* ya Kabaka Pyramid, ya Septemba 2022, iliyosimamiwa na Damian Marley. Ina wageni wazito, Buju Banton na Stephen Marley wakiwemo, na ngoma yake imerekodiwa ikiwa na kifua. Hii ni albamu ya baa yenye sabufa mbili za inchi 15 na wateja wasiotaka kupiga kelele ili waongee, maana besi yake inajaza chumba bila kulazimisha sauti ya juu. Ilipata Grammy ya 2023. Wimbo kwa wimbo, tungeichagua hii mbele ya *Gifted* kwa sehemu yoyote yenye meza na viti, na tungeichagua *Gifted* kwa chochote chenye magurudumu.

Ya tatu ni *Colors of Royal* ya Julian Marley na prodyuza Antaeus, iliyoshinda Grammy ya 2024. Tunaitaja kwa sababu iko mpakani: sauti ya reggae juu ya kazi ya kompyuta. Wapenzi wa reggae ya mizizi, ile ya zamani ya vyombo halisi, wataiona laini mno. Mtu wa elektroniki anayetaka kuingia reggae kwa mlango wa pembeni aanzie hapa.

Tuzo, lakini, zisikuchagulie. Ile ya 2025 ilikwenda kwa albamu ya filamu ya maisha ya Bob Marley, ambamo wasanii mbalimbali wanarudia nyimbo zake za zamani. Nzuri kuisikia mara moja. Kama unatafuta reggae mpya, humo hutaikuta.

Kuna hitilafu moja inayowafanya watu waitukane albamu ya reggae bure. Unachomeka jeki ya simu kwenye amplifaya, unabonyeza, na unachosikia ni gitaa la kukata, mwangwi, na kinanda kwa mbali. Mwimbaji hayupo, besi haipo, ngoma haipo. Faili haina tatizo. Jeki haijaingia hadi mwisho au waya wake wa ethi umekatika, kwa hiyo amplifaya inapokea tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia badala ya pande zenyewe. Chochote kilichowekwa katikati kinajifuta, na kwenye reggae kila kilicho muhimu kimewekwa katikati. Sukuma jeki hadi isikike ikibana, na kama bado, badilisha waya kabla hujafungua amplifaya. Fundi wa Mwanjelwa atakushukuru kwa kutompelekea mzigo mzima kwa kosa la waya.

Elektroniki: hapa umeme unatoka jasho

Hapa kuna kiki. Si kiki ya mitandaoni, ni ile ngoma ya chini inayopigwa kwa mguu, ambayo kwenye muziki wa elektroniki hupigwa na mashine kila pigo bila kupumzika. Tufanye hesabu. Wimbo wa house wenye mapigo 124 kwa dakika unapiga kiki 124 kwa dakika. Reggae ya mtindo ambao kiki inaanguka pigo la tatu tu kati ya manne, ikihesabiwa mapigo 140, inapiga 35. Spika hiyohiyo, sauti hiyohiyo, lakini koili ya sabufa inapigwa mara tatu na nusu zaidi.

Ni kweli besi ya reggae inaburuza na haiachi koili ipumzike kabisa. Lakini kinachounguza spika za baa zetu ni amplifaya ndogo iliyosukumwa kupita uwezo wake. Taa nyekundu ikiwaka mfululizo, mawimbi yanakatwa vichwa na kuwa ya mraba, na mawimbi ya mraba yanatoa nguvu nyingi za juu zinazokwenda moja kwa moja kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Twita ndiyo hufa kwanza, kimyakimya, na watu hugundua wiki ijayo kwamba haihati haisikiki. Muziki wa elektroniki huleta hali hiyo haraka kwa sababu umebanwa sauti, yaani ndogo imepandishwa ikaribie kubwa, kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Kanuni ya kazi: taa nyekundu iwake kwa kiki tu na izime kati ya kiki na kiki. Ikibaki imewaka, punguza hadi izime, kisha punguza kidogo tena, maana umeme wa jenereta ukishuka jioni amplifaya hufika ukingoni mapema kuliko mchana.

Tatizo la pili ni besi isiyo na watoto. Prodyuza wengi wa elektroniki hutengeneza besi ya chini kwa wimbi moja safi, bila zile sauti za juu tulizozisema kwenye gitaa. Kwenye sabufa nzuri inatikisa suruali. Kwenye spika ndogo haipo kabisa, wala ubongo hauna cha kujazia. Ndiyo maana wimbo uliokutoa jasho ukumbini unausikiliza kesho yake kwenye simu na kuona umebaki mifupa. Amapiano imelikwepa hilo kwa ujanja: ile besi yake ya kugongagonga imekwaruzwa makusudi studio, kwa hiyo inasikika hata kwenye simu ya batani. Kama redio ya gari lako haina sabufa na unataka elektroniki, anza na jamii hiyo.

Sasa albamu. Jamie xx alitoa *In Waves* Septemba 2024, miaka tisa baada ya ile ya kwanza ya 2015. Ina wageni kama Robyn na Honey Dijon, na ina vipande vingi vya sauti za watu vilivyokatwakatwa. Ni albamu ya ukumbi: mdundo unapanda, unaondolewa, unarudishwa. Kwenye mfumo wenye sabufa iliyowekwa krosova, yaani mpaka ambapo sabufa inaishia na spika nyingine zinaanzia, kati ya hezi 80 na 100, inapumua vizuri. Ukiiweka krosova 150, kama sabufa nyingi zilizonunuliwa na kuachwa kama zilivyotoka kwenye boksi, sauti za kiume zinaanza kutokea sabufa na kila kitu kinavuma. Kabla hujasema albamu ina matope, geuza kitufe hicho.

Four Tet naye, Machi 2024, alitoa *Three*, nyimbo 8. Hii haina haraka. Vinanda vyake vinameta, midundo inakwenda polepole kwenye baadhi ya nyimbo, na ule unaofunga albamu umejaa ngoma zinazojirudia hadi unasahau saa ngapi. Kwa hedifoni, usiku wa Juni pale Njombe baridi inapokuzuia kutoka, tunaiweka juu ya *In Waves* bila kusitasita. Baani itawalaza watu.

Lakini ulinganisho wa elektroniki unaofanywa Tanzania bila singeli haujakamilika, na inashangaza wanaoandika kuhusu muziki huu wengi huanzia Ulaya. *Sounds of Sisso* ilitoka 2017 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda na kuifikisha singeli ya Dar es Salaam kwa wasikilizaji wa mbali, na 2024 Sisso na Maiko walitoa *Singeli Ya Maajabu* kwa lebo hiyohiyo. Mapigo ya singeli hupita 200 kwa dakika bila aibu. Kinachoharibika hapa ni tofauti: kwa kuwa kiki zinakimbizana, sabufa legevu haijamaliza kutikisika ya kwanza kabla ya pili kufika, na unapata mngurumo mmoja mrefu. Dawa ni kupunguza besi, si kuiongeza. Punguza kitufe cha besi robo mzunguko, acha katikati na juu pafanye kazi, na singeli itasimama. Ndani ya basi, hii ndiyo elektroniki pekee tunayoipendekeza, kwa sababu uhai wake uko kwenye vinanda vya juu ambavyo injini haivifikii. Jirani yako wa siti ana maoni yake, kwa hiyo vaa hedifoni.

Indie: inataka ukimya, nasi tuna jogoo

Neno lenyewe limepotoka njiani. Asili yake ni msanii asiye chini ya kampuni kubwa tatu za dunia, Universal, Sony na Warner. Kwa maana hiyo, karibu kila anayerekodi Uyole au Ipogolo ni indie. Maana ya pili, ambayo ndiyo ya wahakiki, ni muziki wa magitaa uliorekodiwa bila kupigwa pasi sana. Tunaitumia hiyo ya pili.

Kinachoitofautisha na mbili zilizotangulia ni umbali kati ya sauti ndogo na kubwa. Reggae na elektroniki ya sasa hukaa palepale kwa sauti. Indie inaweza kuanza na mtu mmoja na piano, ukasikia kiti kikilia, kisha dakika mbili baadaye bendi nzima ikaanguka. Adrianne Lenker, kwenye *Bright Future* ya Machi 2024, alirekodi kwa tepu, na mchuruziko wa tepu na pumzi za waliokuwa chumbani umeachwa makusudi. Hiyo ni albamu ya saa kumi na moja alfajiri, hedifoni zinazofunika sikio zima, mlango umefungwa. Kwenye basi inapotea yote. Chini ya mabati ya mvua inapotea yote. Hatuna la kuitetea huko.

*Tigers Blood* ya mwimbaji Waxahatchee ilitoka siku hiyohiyo, Machi 22, na ni ya kwenda kazini: magitaa yana nafasi, sauti yake iko mbele, mashairi yanasikika hata kwa redio ya kawaida. Kwa mpenzi wa kantri ya zamani, na Nyanda za Juu hawakosekani, mlango wa kuingilia indie ni huu. Fontaines D.C. wa Dublin, Ayalandi, walitoa *Romance* Agosti 2024, nyimbo 11. Magitaa yamebanwa, ngoma nzito, kila kitu kimesukumwa mbele. Kati ya indie zote tulizozisikiliza ndiyo pekee iliyosimama kwenye spika za baa, ingawa maneno yake ya kilio yataacha meza kadhaa zikitazamana.

Angalizo moja la indie ni upande mmoja kufa. Magitaa huwekwa mbali, moja kushoto kabisa na lingine kulia kabisa. Waya wa upande mmoja ukikatika, kwenye reggae hutaona tofauti kubwa. Kwenye indie umepoteza gitaa zima na wimbo unasikika kama umesahaulika nusu. Kabla ya kuhukumu, funika sikio moja, kisha jingine.

Zikiwekwa pamoja

| Albamu | Ndani ya basi | Mabati na mvua | Baa yenye sabufa | Hedifoni usiku |
|---|---|---|---|---|
| *Gifted* | inafaa | inafaa | nyepesi | inafaa |
| *The Kalling* | besi inafunikwa | bora kuliko zote | bora kuliko zote | inafaa |
| *In Waves* | inapoteza chini | wastani | inafaa, angalia krosova | inafaa |
| *Three* | hapana | wastani | inalaza | bora |
| *Singeli Ya Maajabu* | bora, kwa hedifoni | inapoteza ukali wake | punguza besi | inachosha |
| *Bright Future* | hapana | hapana | hapana | bora |
| *Tigers Blood* | wastani | maneno yanapotea | mchana tu | inafaa |
| *Romance* | inafaa | wastani | inafaa | inafaa |

Mtu mwenye bando la albamu moja tu na mwenye maisha ya kila mahali, leo kazini, kesho safarini, achukue *Gifted*. Si albamu bora ya orodha hii. Ndiyo inayoharibika kidogo zaidi ukiihamisha.

Bando na ubora wa faili

Hesabu ni rahisi. Faili ya MP3 ya kiwango cha 320 (kilobiti kwa sekunde) hula megabaiti 2.4 kwa dakika, na ya 128 hula karibu 1. Albamu ya dakika 45 kwa 320 ni MB 108, kwa 128 ni MB 43. Kusikiliza moja kwa moja mtandaoni kwa kiwango cha 96 hula karibu MB 32 kwa albamu hiyohiyo, lakini ukiirudia kesho bila kuihifadhi unalipa tena, na Jumatatu tena. Albamu unayojua utaisikiliza zaidi ya mara tatu, ihifadhi kwenye simu ukiwa na mtandao wa bei nafuu.

Aina tatu hizi haziumii sawa ukipunguza kiwango. Reggae ikishuka hadi 128 bado inakaa, kwa kuwa kilicho muhimu kiko chini, na ubanaji wa faili huanza kula juu. Indie ya tepu inaharibika kwanza: matoazi yanageuka maji yanayozunguka, pumzi zinakuwa za roboti. Elektroniki iko katikati, ila singeli, yenye mapigo yanayogusana, inaonyesha ukungu mdogo kabla ya kila kiki. Kama una MB za kugawa, ipe indie 320, elektroniki 256, reggae 192.

Jihadhari na faili iliyoandikwa 320 ambayo ilikuwa 128 ikabadilishwa jina. Kibanda cha kuingiza nyimbo hakitakwambia, mara nyingi chenyewe hakijui. Kwenye kompyuta, programu ya bure iitwayo Spek huchora picha ya wimbo. MP3 ya 128 hukatika ghafla karibu na hezi 16,000, kama ukuta uliofyekwa kwa panga. Ya kweli ya 320 huendelea hadi kama 20,000. Ukiona ukuta kwenye 16,000 na faili inasema 320, umebeba maji kwenye debe la maziwa. Isipokuwa albamu kama *Bright Future*, ambayo huko juu haina vingi tangu mwanzo. Hapo pima kwa wimbo wenye matoazi.

Flashi kwa redio ya gari

Redio nyingi za magari ya zamani husoma flashi ya mfumo wa FAT32 pekee. Flashi ya GB 64 hutoka dukani ikiwa exFAT na redio inaandika hakuna faili. Nunua ya GB 32 au ndogo zaidi, yatosha albamu zaidi ya 200. Fomati FAT32, halafu usinakili folda zote kwa mkupuo: redio za aina hii hucheza kwa mpangilio wa kuandikwa, si wa herufi. Nakili wimbo wa 01, ukimaliza wa 02, na kuendelea. Kwa *Three* hili ni la lazima, kwa reggae unaweza kulipuuza. Faili za FLAC na M4A usiziweke, redio hizo huziruka au hukwama.

Tatizo la mwisho la flashi ni sauti kupandapanda. Elektroniki imebanwa kwa nguvu, indie haijabanwa. *In Waves* ikifuata baada ya *Bright Future*, uliyepandisha sauti ili usikie pumzi za Lenker utaruka kitini. Majukwaa ya mtandaoni yana usawazishaji wao, Spotify huziteremsha na kuzipandisha zote kuelekea kiwango kimoja cha ukubwa wa sauti, LUFS -14, lakini flashi haina huruma hiyo. Programu ya bure ya MP3Gain hufanya kazi hiyo bila kugusa ubora. Iache kwenye desibeli 89 kama inavyokuja, chagua folda zote, na kwa albamu bonyeza usawazishaji wa albamu, usibonyeze wa wimbo mmojammoja, ili wimbo mdogo ubaki mdogo ndani ya albamu yake.

Dakika 12 kabla hujaamua

Chagua nyimbo tatu: wa kwanza, wa tano au wa sita, na wa mwisho. Wa kwanza umewekwa hapo ili kukuvuta, usiuamini. Wa katikati ndio unaoonyesha kama walikuwa na nyimbo za kutosha au wamejaza. Dakika nne kila mmoja, zikigawanywa kwa vyombo vitatu, sauti ikiwa ya kiwango cha maongezi.

Anza na spika ya simu yenyewe. Kama bado unausikia mstari wa besi, albamu itaishi kwenye bajaji. Halafu hedifoni, sikio moja moja. Mwisho sabufa, kwa sauti ya chini, kisha toka nje usimame hatua 10 kutoka mlangoni. Kinachokufikia hapo ndicho watakachosikia wateja wa meza za uwanjani, na ndicho jirani atakachokulalamikia. Reggae itakufikia ikiwa besi na mwimbaji. Elektroniki itakufikia kiki tu. Indie, mara nyingi, matoazi na mtu anayelia kwa mbali. Ukiipenda albamu ukiwa hapo nje, rudi ndani ukaisikilize yote. Usipoipenda, jaribu tena kwa hedifoni kabla hujaifuta, hasa ikiwa ni indie, na hasa ikiwa mvua imeanza.